UZI: Lile onyo la "fenilalanini" kwenye kopo la soda ya zero linamhusu nani? Karibuni tuongelee vimeng'enya vya amino asidi

#1 Mzee wa Maabara

Wakuu, salaam.

Jana jioni nilikuwa nimekaa dukani kwa Mangi napunga upepo. Dogo mmoja wa kidato cha tano akanyanyua kopo la soda isiyo na sukari, akaligeuza, akasoma yale maandishi madogo madogo ya Kizungu, akaniuliza: "Mjomba, hapa wanasema ina chanzo cha fenilalanini. Ni sumu?" Basi kila mtu akaja na lake. Mmoja kasema inaua nguvu za kiume, mwingine kasema ndiyo inayoleta figo. Mangi akataka kulirudisha kopo kwenye friji kabla biashara haijaharibika.

Jibu fupi nililompa dogo: kwako wewe si sumu. Onyo hilo linawahusu watu wachache mno, ukianza kumtafuta mmoja hapa mtaani unaweza kuzeeka hujampata. Jibu refu ndilo hili, na kwa kuwa kesho niko off, nalimwaga lote.

Ukila maharage, dagaa, nyama au yai, tumbo linazivunja protini kuwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Ziko aina 20. Mwili unachukua unazohitaji kujengea misuli, homoni, rangi ya ngozi na mengineyo. Zinazobaki hazina pa kuwekwa. Mafuta yana ghala, sukari ina ghala kwenye ini, amino asidi hazina. Zinabadilishwa na kuvunjwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani fundi anayejua kazi moja tu. Fundi wa hatua ya tatu akikosekana, wa hatua ya nne hamshikii. Anakaa anasubiri kazi isiyofika.

Ramani ya kutengeneza kila fundi iko kwenye jeni, na kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Kwa magonjwa mengi ya kundi hili, nakala moja mbovu haikusumbui. Wakikutana mume na mke ambao kila mmoja amebeba nakala mbovu bila kujua, kila mimba inakuwa na uwezekano wa 1 kwa 4 wa mtoto kupata mbovu zote mbili.

Sasa chukueni barabara ya Dar kwenda Morogoro. Fenilalanini inaanza safari Dar. Kibaha kuna daraja, ndiyo kimeng'enya cha kwanza, ukivuka pale unageuka kuwa amino asidi nyingine, tairosini. Tuseme tairosini ni Chalinze. Pale ni njia panda: wanaokata kulia kwenda Segera wanatengeneza melanini, rangi ya ngozi, nywele na macho. Wanaonyoosha kwenda Morogoro wanakwenda kuvunjwa kuwa nishati, na njiani kuna madaraja mengine kadhaa.

Ugonjwa wa lile kopo unaitwa fenilketonuria, kwa kifupi PKU. Daraja la Kibaha limekatika. Magari yanajaa Dar, fenilalanini inapanda kwenye damu mara nyingi zaidi ya kawaida, na ubongo wa mtoto mchanga ndio unaobeba gharama. Anazaliwa mzima kabisa. Miezi inavyokwenda anachelewa kukaa, anapata degedege, akili inabaki nyuma, na asipotibiwa hairudi tena. Baadhi ya magari yanaingia vichochoroni, yanakuwa asidi inayotoka na mkojo na jasho, mtoto ananuka kama chumba chenye panya. Na kwa kuwa Chalinze hakufiki magari ya kutosha, wa Segera nao ni wachache: mtoto anakuwa na nywele na macho meupe kuliko ndugu zake.

Ile sukari bandia ya aspatemu ikifika tumboni inatoa fenilalanini. Ndiyo maana ya onyo. Huko Ulaya PKU humpata kadiri ya mtoto 1 kati ya 10,000. Kwa Waafrika weusi ni nadra zaidi ya hapo.

Nitaendelea. Ngoja nile kwanza.

#2 Kaka Mkubwa wa Pugu

Naweka kambi hapa. Kwa mara ya kwanza foleni ya Kibaha imenisaidia kitu.

#3 Mwana wa Kwetu

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini haya ni magonjwa ya wazungu. Sisi tuna malaria, tuna TB, tuna presha. Umeandika mistari yote hii kwa ugonjwa ambao umekiri mwenyewe haupo hapa.

#4 Mzee wa Maabara

Mwana wa Kwetu, nitakujibu, tena kwa mifano ya hapa hapa. Nimalizie kwanza PKU, maana ina kisa.

Oslo, mwaka 1934. Mama mmoja ana watoto wawili, wote akili haziendi, na wote wananuka harufu isiyoisha hata awaogeshe vipi. Kazunguka kwa madaktari miaka, wanamwambia azoee. Akafika kwa Asbjørn Følling, daktari ambaye pia alikuwa mkemia. Følling akapima mkojo kwa kloridi ya chuma, kipimo cha kawaida cha enzi zile kuangalia ketoni za wenye kisukari. Ulitakiwa ubaki na rangi ya hudhurungi au uelekee zambarau. Ukawa kijani.

Hapo wengi tungeandika "sampuli imeharibika, leta nyingine". Tusidanganyane wana maabara, mnajijua. Yeye alimwomba mama alete mkojo mwingine, na mwingine, mpaka akaitenga ile asidi yenyewe na kujua ni nini. Halafu akapima wagonjwa 430 wa vituo vya wenye ulemavu wa akili, akapata wengine 8.

Kujua hakukuwa kutibu. Tiba ilikuja Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tena mama ndiye aliyesukuma: kila asubuhi yuko mlangoni kwa Horst Bickel anauliza mwanawe anafanyiwa nini. Bickel na wenzake wakachukua protini ya maziwa iliyokwisha kuvunjwa, wakaipitisha kwenye mkaa maalumu unaonasa fenilalanini, wakamlisha mtoto wa miaka miwili aliyekuwa hatembei, hasemi, anajigonga kichwa. Baada ya miezi akaanza kutambaa, akasimama, nywele zikawa nyeusi zaidi, akaacha kujigonga.

Halafu wakafanya jambo ambalo leo lisingekubalika: wakairudisha fenilalanini kwenye chakula bila kumwambia mama, waone kama kweli ndiyo iliyokuwa inamuumiza. Mtoto akaanza kuharibika ndani ya muda mfupi tu. Wakaiondoa, akapata nafuu. Walichapisha mwaka 1953.

#5 Nesi Mstaafu

Wanangu, mimi nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Hicho cha kumrudishia mtoto sumu bila mama kujua kimenikata. Najua ndicho kilichothibitisha, lakini nimemwona yule mama mlangoni kama namjua.

Swali: sasa wanagundua vipi mapema, kama anazaliwa mzima?

#6 Mzee wa Maabara

Mama, shikamoo. Na mimi kimenikata, ila kila mtoto wa PKU anayesoma chuo leo anadaiwa na kile kitendo. Sijui niweke wapi moyo wangu kwenye hilo.

Kugundua: tone la damu ya kisigino kwenye karatasi nene, linakaushwa, linatumwa hata kwa posta. Ni kazi ya Mmarekani Robert Guthrie, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huyu mwanawe mwenyewe alikuwa na ulemavu wa akili, na mpwa wake wa kike alikuwa na PKU iliyochelewa kujulikana. Alitumia bakteria ambao wamezuiwa kukua, lakini wakikuta fenilalanini nyingi kwenye kile kipande cha karatasi wanashamiri pembeni yake. Kipimo cha bei ya maandazi! Jimbo la Massachusetts likakiweka kwenye sheria mwaka 1963. Leo karatasi ile ile inapima magonjwa mengi kwa mashine.

Chakula chao ni maisha yote: nyama, samaki, maharage, mayai, maziwa vyote vya kuhesabu kwa gramu, na unga maalumu usio na fenilalanini unaonywewa kila siku. Mwanamke mwenye PKU akiachia mlo wakati wa mimba, mtoto anaweza kuumia tumboni hata kama yeye mtoto hana PKU, kwa sababu fenilalanini ya mama inavuka kondo.

#7 Mpemba wa Doha

Assalamu alaykum. Niko Qatar mwaka wa kumi na moja huu. Mtoto wetu alipozaliwa hapa walimchoma kisigino, wakatutajia neno refu, "homosisto" nini sijui, wakasema huku ndiko kunakoongoza duniani. Ni katika hizi hizi?

#8 Mzee wa Maabara

Wa alaykumu salaam. Ndiyo, ni homosistinuria. Hiyo ni barabara nyingine, ya methionini, amino asidi yenye salfa. Methionini ikivunjwa inatoa homosisteini; kimeng'enya kinachotakiwa kuibadilisha hiyo homosisteini hakifanyi kazi, inalundikana. Mtoto anakuwa mrefu mwembamba, lenzi ya jicho inahama mahali pake, mifupa inalegea, na damu inaganda hovyo: kijana wa miaka 20 anapata kiharusi. Qatar inakadiriwa mtoto 1 kati ya 1,800, kwa sababu familia nyingi zimebeba badiliko moja lile lile la jeni na ndugu wanaoana. Kwingine huwa ni 1 kati ya laki kadhaa.

Kinachofurahisha: karibu nusu ya wagonjwa duniani wanapata nafuu kwa vitamini B6 nyingi tu. Kimeng'enya chao ni fundi mlemavu, si marehemu, na B6 ndiyo nyundo yake. Bahati mbaya lile badiliko la Qatar ni la wasiosikia B6.

#9 Chungu Kimoja

Hapo kwenye B6 nimeshtuka. Mwaka jana nilikuwa natumia dawa za TB, mwezi wa pili miguu ikaanza ganzi na kuwaka moto usiku, nalala nimeitoa nje ya shuka. Nilipolalamika kwenye kituo nilichokuwa nachukulia dawa, yule kijana akaniambia ni uzee. Nina miaka 38! Baadaye daktari mwingine akaniongezea B6, ikapungua. Inahusiana?

#10 Mzee wa Maabara

Inahusiana kabisa, na Mwana wa Kwetu asome hapa mara mbili.

B6 ndiyo nyundo ya vimeng'enya vingi vya amino asidi kuliko vitamini yoyote. Isoniazidi, ile dawa ya TB, inaikamata B6 na kuitoa na mkojo. Mafundi wanabaki mikono mitupu, na mishipa ya fahamu ya miguuni inaanza kulalamika. Ndiyo sababu wajawazito, wenye VVU, wenye kisukari, walevi na waliokonda sana wanatakiwa wapewe B6 pamoja na dawa toka mwanzo. Mtu akimeza isoniazidi nyingi kwa pamoja anapata degedege, kwa sababu fundi anayebadilisha glutameti kuwa GABA, breki ya ubongo, naye anatumia nyundo hiyo hiyo.

Na tena. Wangapi hapa wameambiwa "ini limepanda"? Zile ALT na AST kwenye karatasi ya majibu ni vimeng'enya vya amino asidi. Kazi yao ni kuhamisha kundi la naitrojeni kutoka amino asidi moja kwenda nyingine. Wanakaa ndani ya seli. Tukiwakuta wengi kwenye damu maana yake seli zimepasuka mahali fulani. Si lazima ini: AST ipo pia kwenye moyo, misuli na chembe nyekundu. Mgonjwa akitolewa damu kwa papara, sindano nyembamba, bomba linavutwa kwa nguvu, halafu tyubu inatikiswa kama dawa ya kikohozi, mimi nikizungusha mashine napata seramu, yale maji ya damu, ambayo ilitakiwa iwe na rangi ya mafuta ya alizeti imekuwa juisi ya rozela. AST inapanda, mgonjwa anaanzishiwa mizizi ya kusafisha ini. Ini halina kosa.

#11 Mwana wa Kwetu

Hapo sawa, nimekaa kwenye kiti. Lakini hao wa kurithi bado hujanionyesha wa kwetu.

#12 Mzee wa Maabara

Rudi Chalinze, kata kulia kuelekea Segera.

Kimeng'enya kinachoanza kuigeuza tairosini kuwa melanini kinaitwa tairosinesi. Jeni lake likiharibika unapata aina moja ya ualbino. Ila kwa Tanzania, ambako inakadiriwa kuna mwenye ualbino 1 kati ya watu 1,400 hivi, aina iliyozoeleka ni nyingine, ya jeni la OCA2. Hapo tairosinesi yenyewe ni nzima! Kilichoharibika ni ukuta wa karakana inamofanyia kazi: ndani kumekuwa na asidi nyingi, fundi hawezi kushika kifaa. Anajikongoja, ndiyo maana wenzetu wengi wa hapa wana nywele za rangi ya majani makavu, si nyeupe pe, na wanapata madoa ya hudhurungi juani. Wengi kusini mwa Sahara wameshirikiana kipande kile kile kilichokatika kwenye jeni, ishara kwamba kimetoka kwa babu mmoja wa zamani sana.

Kwa hiyo mtu aliyekimbizwa usiku na mapanga kwa sababu ya "kiungo cha bahati" alikuwa anakimbizwa kwa ajili ya asidi kidogo ndani ya kifuko kisichoonekana kwa macho. Huwa nafikiria hilo nikichelewa kulala.

#13 Lishe Bora Agent

Habari wapendwa! Tuna unga wa amino asidi zote 20, unatibu ini, figo, ualbino, nguvu za kiume na kuongeza hipsi. Karibuni inbox.

#14 Mzee wa Maabara

Wewe umeingia uzi wa foleni unauza magari. Mods, tafadhali.

#15 Nyanda wa Tarime

Mkuu, mimi swali langu lina miaka mingi. Bibi yangu mdogo alitembea kwa fimbo mbili toka ujanani, magoti yamegusana, vidole vya miguu vinakwaruza chini. Haikuwa polio, walisema alilala mzima akaamka hivyo. Pale kijijini walikuwa zaidi ya mmoja, mwaka wa ukame. Wazee walisema ni kurogwa, wengine wakasema udaga, ule muhogo mkavu wa kusaga. Hiyo inaweza kuwa kitu gani?

#16 Mzee wa Maabara

Nyanda, pole. Bila kumpima siwezi kuapa, ila ulichoeleza ni konzo, herufi kwa herufi. Na Tarime imeandikwa kwenye majarida ya kitabibu kwa hilo: baada ya ukame wa mwaka 1985 watafiti walikuta wagonjwa kadhaa huko. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kwango, Kongo, likimaanisha miguu iliyofungwa. Ugonjwa ulielezwa kule mwaka 1938. Nampula, Msumbiji, uliwapata wengi mwaka 1981, wakauita mantakassa. Nao ulikuwa mwaka wa ukame.

Mambo yanakwenda hivi. Muhogo mchungu una kemikali inayotoa sianidi. Ukilowekwa siku tatu au zaidi, ukavundikwa, ukaanikwa vizuri, nyingi inaondoka. Mwaka wa njaa hakuna wa kusubiri siku tatu, watoto wanalia, unamenywa leo, unaanikwa kesho, unasagwa. Na ukame wenyewe unaufanya muhogo uwe mchungu zaidi.

Mwili una fundi wa kuisafisha sianidi, rodanesi. Anaipachika salfa, inakuwa kitu kisicho na madhara makubwa, inatoka na mkojo. Salfa anaitoa wapi? Kwenye methionini na sisteini, amino asidi za samaki, nyama na mayai. Sasa piga hesabu: mwaka ambao sianidi imeongezeka ndiyo mwaka ambao ng'ombe wamekufa na dagaa hawanunuliki. Fundi yupo, jeni zake nzima kabisa, malighafi ndiyo hakuna. Konzo inawapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Inakuja ghafla, haiongezeki, haiponi. Mara nyingi akili inabaki timamu mtu akijiangalia miguu yake.

Wazee waliosema udaga walikuwa sahihi. Kosa ni kutokulowekwa kwake, basi.

#17 Nyanda wa Tarime

Nimesoma nikanyamaza muda. Bibi ameshatangulia. Alikuwa anakumbuka kila jina la kila mtoto kijijini.

Mama bado anakula ugali wa muhogo kila siku, hataki kusikia sembe. Nimfanyeje?

#18 Mzee wa Maabara

Hataki sembe, na asitake, muhogo si adui. Aloweke kama zamani. Na kama unga umenunuliwa na hajui ulikotoka, kuna njia ilitengenezwa Australia na Howard Bradbury, ikatumika vijijini Kongo na konzo ikakoma kujitokeza kwa wapya. Weka unga kwenye beseni, weka alama ulipofikia. Tia maji huku unachanganya, unga utashuka, kisha uendelee kutia mpaka urudi kwenye alama. Utandaze mkekani, unene usizidi sentimita moja, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Gesi yenyewe inaondoka hewani. Usonge ugali siku hiyo hiyo, usiuweke ukaoza. Na pembeni dagaa, hata kiganja.

#19 Kisangani Moja

Bandugu, miye niko Kisangani, Kiswahili yetu mutanivumilia. Mumesema Kongo. Muko na habari ya malale? Baba mukubwa alipigwa ile sindano ya Arsobal, alisema ni kama kuingiza pilipili mu mushipa. Kisha ikakuja dawa ingine, ya maji mingi.

#20 Mzee wa Maabara

Karibu sana ndugu, Kiswahili chenu kitamu. Na umegusa pale pale.

Arsobal ni melarsoproli, ndani yake kuna aseniki, na kadiri ya wagonjwa 5 kati ya 100 waliuawa na dawa yenyewe. Ile ya maji mengi ni eflonithini. Inamwua kimelea kwa kuziba kimeng'enya cha amino asidi, ornithini dikaboksilesi. Sisi nasi tunacho kimeng'enya hicho na kinazibwa vile vile, ila mwili wetu unatengeneza kipya haraka, kile cha zamani kinaisha ndani ya muda mfupi. Kimelea wa malale ya Kongo, gambiense, anakitengeneza polepole. Amezibwa, anakaa hana. Malale ya upande wetu wa Serengeti ni ya rhodesiense, ambaye fundi wake anabadilishwa upesi, ndiyo maana hiyo dawa haikutufaa. Uganda wenyewe wana aina zote mbili, kaskazini magharibi moja, kusini mashariki nyingine.

Iliidhinishwa Marekani mwaka 1990 na ikakaribia kupotea kwa kuwa wagonjwa wake hawana hela. Kilichoiamsha, shikeni viti: ikagundulika inazuia nywele kuota usoni, mwaka 2000 ikaidhinishwa kama krimu ya wanawake. Baada ya kelele za Madaktari Wasio na Mipaka na WHO, mwaka 2001 kiwanda kikakubali kuitoa kwa wa malale pia. Dripu 56 kwa siku 14, mtu anatunzwa na nesi usiku na mchana kijijini. Baadaye wakaipunguza kwa kuichanganya na nifurtimoksi, dripu 14. Siku hizi kuna vidonge vya feksinidazoli, siku 10, na tangu mwaka 2024 WHO inavipendekeza hata kwa rhodesiense.

#21 Nesi Mstaafu

Dripu nne kwa siku porini. Mnasema "ikapatikana dawa" kirahisi, aliyekuwa anabadilisha zile chupa saa nane za usiku hatajwi.

#22 Kaka Mkubwa wa Pugu

Mzee, ulituacha Chalinze. Kule Morogoro je?

#23 Mzee wa Maabara

Nilikuwa nakutunzia hiyo, ndiyo niipendayo kuliko zote.

Ubena kuna daraja, likikatika unapata alkaptonuria. Mkojo ukikaa hewani unakuwa mweusi kama maji ya makaa. Mama anashangaa nepi. Mtu anaishi, ila akifika miaka ya 30 na 40 magegedu yanakuwa meusi, mgongo na magoti vinakatika. Mwaka 1902 Archibald Garrod wa London aliona wazazi wa watoto hawa mara nyingi ni binamu, akasema huu ni urithi. Wakati huo neno "jeni" halijatungwa.

Mbele zaidi, Mikese, daraja la mwisho. Likikatika pale magari hayakai foleni, yanatumbukia bondeni na kulipuka: sumu inayoua ini la mtoto na kuleta saratani ya ini. Hiyo ni tairosinemia ya aina ya kwanza. Quebec, Kanada, eneo la Saguenay, wanayo kwa wingi.

Ungefanyaje? Daraja hujui kulijenga. Msweden Sven Lindstedt alifunga barabara kwa makusudi. Akaiziba hapo hapo mbele ya Chalinze, magari yasifike kabisa Mikese! Dawa ni nitisinoni, na imetokana na utafiti wa dawa za kuua magugu. Mtu mmoja California aliona chini ya mti fulani magugu hayaoti. Mti wenyewe mnaujua, ule wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa, umejaa kwenye bustani za Arusha na Nairobi. Unatoa kitu kinachoziba kimeng'enya hicho hicho ndani ya magugu. Mwaka 1991 mtoto wa kwanza akapewa, huko Sweden.

Chalinze inajaa, ndiyo. Tairosini inapanda, macho yanaweza kuuma, lazima wapunguze protini. Lakini foleni si kama bonde. Na mwaka 2020 Ulaya wakaikubali dawa hiyo hiyo kwa watu wazima wa alkaptonuria, wa Ubena.

#24 Chungu Kimoja

Kwa hiyo kuna ugonjwa unatibiwa kwa kuongeza ugonjwa?

#25 Mzee wa Maabara

Kwa kuuhamishia mahali unapovumilika, ndiyo. Na kuna saratani ya damu ya watoto, ile ya limfu, inatibiwa kwa kimeng'enya chenyewe kama dawa. Mwaka 1953 New York, John Kidd aliona seramu ya simbilisi inayeyusha uvimbe wa panya, ya farasi na sungura haifanyi hivyo. Baadaye ikajulikana simbilisi ana asparajinesi kwenye damu, inayomaliza asparajini. Seli zetu nzima zinajitengenezea asparajini, za saratani hiyo nyingi haziwezi, zinakufa njaa. Siku hizi inavunwa kwenye bakteria. Simbilisi wamepumzika.

#26 Nyanda wa Tarime

Mrejesho wakuu. Nilimpigia mama juzi, nikamsomea ile ya beseni na alama neno kwa neno. Kanicheka, kasema unga unalowekwaje kama nguo. Leo asubuhi kapiga mwenyewe. Ametandaza kwenye mkeka wa bibi, kaweka jiwe kila pembe kwa ajili ya upepo, kuku wamefukuzwa. Anasema uliponyanyuliwa jana saa nane mchana ule ukakasi puani haupo. Anauliza: lile jua la mawingu linahesabiwa jua au kivuli?

#27 Mzee wa Maabara

Kivuli. Mwambie auache muda wa saa 5.